Nusu kwa Nusu

Kipimamvua cha Msambweni kilikuwa mikononi mwa Jethro, Mkisii wa kuja, mtu wa daftari safi usiseme. Kila siku saa tatu asubuhi alimimina maji ya mkebe kwenye bilauri ya vipimo, akaandika milimita. Kila siku, isipokuwa Jumamosi. Jethro ni Msabato, na siku ya Sabato hagusi kazi. Maji ya siku mbili, ya Ijumaa na ya Jumamosi, aliyapima Jumapili, akayagawa nusu kwa nusu, akajaza safu zote mbili. Miaka sita hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakujiuliza.

Ndipo ikaja Elnino ya mwaka tisini na saba. Ijumaa moja ya Oktoba mvua ilianza wakati wa magharibi, haikukatika hadi Jumamosi adhuhuri. Jethro akiwa kanisani anaimba, mkebe ulijaa ukafurika. Jumapili aliandika alichokikuta, nusu huku, nusu kule, akafunga daftari.

Februari, wilaya ikataka muhtasari wa dhoruba zote za msimu, kijiji kwa kijiji. Panapoonekana mvua kubwa ya siku moja, ndipo watu watapewa mabati na mbegu. Jethro alipitisha kidole kwenye safu, akakisimamisha kwenye Ijumaa ile ya Oktoba. Bondeni, kijiji jirani kilichohesabiwa kwa mkebe huo huo, kilichosombwa nyumba kumi na moja na kuzika watu wawili, kwa daftari lake kilikuwa kimepata mvua mbili za kadiri tu.

Alasiri hiyo Mbodze, mama wa huko Bondeni, akabisha hodi ofisini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia unaandika habari za mafuriko. Na sisi tumo?”

Jethro alimweleza yote bila kuficha. Mama alimtazama kama anayetazama sufuria iliyotoboka.

“Basi andika milimita mia tatu. Ni nani atakayekuja kupima mvua iliyokwisha kwenda baharini?”

Hapo akabanwa. Angemkemea kwa lipi? Nusu kwa nusu zake zote zilikuwa nini, kama si kubuni? Alimtunzia Mungu siku yake vizuri, kisha kesho yake akaandika uongo kwa mwandiko wa kupendeza. Aliona haya, haya ya kweli.

Alichukua kalamu nyekundu akazikata Ijumaa na Jumamosi zote za miaka sita. Pembeni akaandika: “Haikupimwa. Kosa ni langu.” Alijua kazi ya kupima mvua haitabaki kwake. Kisha akatia futi ya fundi mfukoni ili akapime maji yalifika wapi, akafuatana na mama hadi Bondeni.

Nyumba ya Mbodze ilikuwa imebaki nguzo mbili za mlango. Ukuta wa kuonyesha alama ya maji haukuwapo.

“Nipime wapi, mama?”

Mbodze alisimama katikati ya nguzo, akaweka kiganja kidevuni.

“Hapa. Niliikumbatia nguzo hii, nikainua uso nipate pumzi.”

Jethro alivuta futi kutoka ardhini: futi nne na inchi sita. Akaandika siku, kijiji na jina la shahidi. Alikuwa anaikunja futi Mbodze alipomzuia. Mama alishusha kiganja polepole hadi usawa wa kiuno, akakiacha hewani, kimetulia, kama kimewekwa juu ya kichwa cha mtoto.

“Mjukuu wangu Esha, kimo chake kilikuwa hapa,” alisema. “Pima na hapa.”

Jethro akapiga magoti, akapima.