Kimya cha Bibi Rozalia

Usingizi unamchukua Nyamvula mchana kweupe, ndani ya studio, hedifoni zingali masikioni. Tangu asubuhi anatafsiri ushuhuda wa Bibi Rozalia, Myahudi aliyenusurika kambi za mauaji za Wanazi akiwa msichana, na kipindi kinatakiwa hewani leo hii, shule zisikilize. Kabla ya kusinzia amekata kimya kimoja kwenye rekodi. Bibi anasema, mdogo wangu Lili alinishika mkono pale uani. Kisha ananyamaza, ananyamaza sana. Kisha anasema, nikapanda treni peke yangu. Redioni kimya ni sumu, bosi wake Chengo humwambia kila siku, watu watadhani tumezimika. Basi ameziunganisha sentensi, zikakaa sawa, akaridhika.

Sasa anatembea na barabara haina mwisho. Ni mji wa vioo, nyumba zinatazamana, kila dirisha lina pazia na kila pazia linatikisika kidogo, kama vile mtu ametoka kuchungulia hivi punde. Barabara inakata kona inamrudisha palepale, mbele ya duka la mkate lililofungwa, na hapo amesimama mtu asiye na uso, ngozi tupu toka paji hadi kidevu. Shikamoo, anasema Nyamvula, maana adabu haimtoki hata ndotoni. Marahaba, unatafuta nini? Namtafuta Lili. Lili yuko pale usipotaka kusikiliza. Ndiko wapi huko? Wewe ndiye uliyepafunga. Nyamvula anapandwa na hasira. Hebu nisemeshe kama watu! Asiye na uso anatangulia tu, naye anamfuata, atafanyaje?

Wanapita mtaa, wanapita tena mtaa uleule. Watu wanatolewa majumbani wakiwa na nyota ya njano kifuani, wamebeba sufuria na mablanketi, na hakuna askari anayefoka kama alivyowazia. Mapazia yamefungwa, inatosha. Mle ndani yumo mama aliyewauzia mkate miaka yote, anasema asiye na uso, na watoto wao akiwajua kwa majina. Mbona hatoki? Anangoja wapite, chai yake iko jikoni. Nyamvula anasogelea dirisha amwone huyo mtu, na moyo unampasuka, maana pazia analijua, la maua ya zambarau, kalinunua mwenyewe soko la Kongowea, na mkono unaolishikilia ni wake. Mji umekuwa Mombasa, mtaa wake, na anayetolewa sasa ni Mama Adongo wa nyumba ya pili, aliyemlelea mwanawe, kosa lake jina la bara, si la pwani. Mama Adongo anatazama dirishani, haombi kitu. Nyamvula anataka kumwita na sauti haitoki, kila neno linakatwa kabla halijafika mdomoni. Anaogopa, anaona aibu, anataka mlango na mlango hakuna. Ndipo mkono mdogo, wa baridi, unaingia ndani ya wake. Dada, mbona uliniruka?

Dada, dada Nyamvula! Ni Chengo, anamtikisa bega. Tunaingia hewani, bado hujamaliza? Nyamvula anakirudisha kile kimya chote mahali pake. Chengo anaruka. Unatuua, wasikilizaji watahama wote! Wahame, anasema Nyamvula.

Taa nyekundu inawaka. Bibi anasema, mdogo wangu Lili alinishika mkono pale uani, kisha ananyamaza. Chengo ananyoosha kidole kwenye kitufe, anasita, anakirudisha. Nyamvula anainua macho kwenye kioo cha studio na kuna pazia pale, la maua ya zambarau, na studio hii haijawahi kuwa na pazia. Hajui kama ameamka. Anachojua ni kwamba mkono mdogo, wa baridi, ungali ndani ya wake, na anaubana, na anaomba sentensi inayofuata, ile ya treni, isifike.