Sajini Madamu

Sindano, fundi wa magauni, alipomwambia kaka yake kwamba anahama duka lao, kaka yake alijibu neno moja tu: sawa. Hakuinua hata uso. Alikuwa anapiga pindo la suruali, na pindo likaendelea kunyooka kana kwamba ameambiwa mvua imenyesha mahali fulani mbali.

Sindano alitarajia kununiwa, kufokewa, hata kutukanwa kidogo. Kusema kweli alivitamani. Alikuwa amejiandalia majibu ya kila aina, mengine ya kuchoma, mengine ya kuliza, na sasa yote yalimkaa kooni kwa kukosa mtu wa kuyapokea. Akaanza kumchokoza. Nachukua cherehani ya ovaloki, kaka. Sawa. Nachukua na sanamu la kuvalishia. Sawa. Na hicho kigoda chako nakichukua. Sawa, ingawa hapo alimwona akikibana kigoda kwa miguu yote miwili.

Tusimwonee kaka wa watu. Pasi, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa fundi wa suti asiye na mpinzani, mrefu, mwenye kipara kilichong'aa kuliko vifungo vyake, na mwenye kuyabana maneno kama bahili. Akitaka kukwambia umependeza, alikuvuta kola akanyamaza. Dada yake alikuwa kinyume chake. Jina la Sindano alilipata utotoni kwa wembamba. Wembamba ulishakwenda zake, ikabaki ncha.

Na kuhama kwenyewe hakukuwa kwa ugomvi. Chumba kilikuwa kimoja, walichorithishwa na mama yao alipochoka kushona, na kazi zilikuwa mbili zisizopatana. Gauni la harusi likianza kupata pindo huvimba, hupanda meza, hushuka, huzuia mlango. Chaki ya suti nyeusi hupeperuka na kutua kwenye shela nyeupe. Bibi harusi mtarajiwa anapimwa kiuno, mara anaingia mwanamume aliyefuata suruali yake, anasimama pale mdomo wazi kama mlango wa kabati. Sindano alikuwa amepata chumba kizuri mtaa wa nyuma, chenye dirisha pana. Mtu yeyote mwenye akili timamu angehama. Kilichomuuma ni ile sawa. Alitaka kuondoka akiwa bado na kaka, si kugawana naye vyombo kama wapangaji waliochokana, na kila sawa aliyoisikia ilimwambia kwamba hata kaka anamwacha huku.

Jumamosi asubuhi, walipokuwa wanafungafunga mizigo, mama yao akaingia bila hodi, akavuta kiti cha wateja, akaketi, mkoba mapajani.

"Nimekuja kusimamia haki," alisema.

"Haki ipi, mama? Hakuna anayegombana hapa," Sindano akajibu.

"Ndiyo maana nimekuja. Nyinyi mkikaa kimya huwa kuna kitu kinaungua. Zamani mkinyamaza mimi nilikuwa nanusa kwanza, ndipo nauliza."

Pasi akakohoa kidogo. Kwake hicho kilikuwa kicheko.

Waligawana mikasi. Waligawana bobini za uzi, futi za kupimia, mabaki ya vitambaa. Mama alitoa hukumu ambazo hakuna aliyeziomba: mkasi mkubwa ubaki kwa Pasi kwa sababu Sindano huukatia karatasi, na asibishe, amemwona. Kila walipomaliza kitu kimoja, Sindano alimtazama kaka yake kwa pembe ya jicho, na kila mara Pasi alisema sawa, akageukia kingine. Mwisho likabaki debe la vifungo. Pasi akalimwaga mezani ili wachambue, vyeusi huku, vya lulu huku. Vifungo vikamwagika vyote, halafu, kwa kusitasita kidogo, akaanguka mtu.

Alianguka chali, nywele zake ndefu zimetapakaa. Mabega yalikuwa mapana, ya askari, na sare ya kijani iliyochorwa mwilini. Juu ya mabega hayo kulikuwa na uso mwembamba wa mrembo, midomo myekundu, nyusi za kushangaa. Shingoni alizungushiwa uzi mweusi wa kushonea makoti, mizunguko mingi, iliyofungwa kwa fundo la fundi hasa.

"Sajini Madamu," alisema mama, akaanza kucheka peke yake.

Mwanzo walikuwa wawili. Mjomba wao, aliyekuwa akisafiri, aliwaletea siku moja: askari wa plastiki kwa mvulana, mwanasesere wa mitindo kwa msichana. Sajini alikunja magoti, viwiko, hata vidole. Madamu hakukunja kitu. Alisimama kwa ncha za vidole mchana kutwa kama anayechungulia ukutani kwa jirani, lakini alikuwa na magauni, na palipopungua gauni, chini ya cherehani ya mama hapakukosekana kipande.

Walicheza chini ya meza ya kukatia, na mchezo ulikuwa mmoja siku zote. Msichana alitaka harusi, mvulana alitaka vita, basi kila siku kukawa na harusi iliyovamiwa. Sheria ilikuwa neno moja: tufanye. Mtu akishasema tufanye, limekuwa. Mwenzake haruhusiwi kukataa wala kusema si kweli. Anachoruhusiwa ni kuongeza lake juu.

"Tufanye maadui wamezunguka ukumbi," alisema mvulana.

"Tufanye bibi harusi ana bunduki."

"Tufanye haina risasi."

"Tufanye risasi ziko kwenye mkoba wake, chini ya poda."

Na kweli zilikuwa huko. Mvulana alikuna kichwa, maana wakati huo alikuwa na nywele za kukuna, akakubali maadui wake wamiminiwe risasi zenye harufu ya poda.

Kilichowaharibia ni malezi mema. Katika nyumba ya fundi, nguo haitoki bila kunyooshwa. Watoto wale walilijua hilo kabla hawajajua kufunga viatu. Siku ya harusi moja kubwa, mvulana alimtazama Madamu akaona gauni lina mikunjo. Mtoto wa seremala angeacha ipite. Yeye alichukua pasi ya mama, iliyokuwa moto juu ya meza, akamnyoosha bibi harusi na gauni lake mwilini, taratibu, kuanzia kiunoni kwenda chini, kama alivyoona watu wazima wakifanya. Gauni lilinyooka. Madamu naye akanyooka, akaendelea kunyooka, miguu ikashikamana na blanketi la kunyooshea na haikuachia tena. Jina la Pasi lilizaliwa siku hiyo.

Sindano hakupiga kelele. Alimchukua Sajini, akaenda nyuma ya nyumba, akamzungusha kichwa ili aone askari anafikiri nini. Kichwa kilitoka, kikadunda mara mbili, kikaingia mtaroni, maji yakakibeba. Kilio kikatoka pande mbili kwa pamoja.

Mama alikuwa na mteja mlangoni na koti lisilo na mkono. Hakuuliza nani alianza. Alikata kilichobaki cha Madamu, akachopeka kichwa kwenye kiwiliwili cha Sajini, akakaza kwa uzi, akafunga fundo, akauma uzi kwa meno.

"Haya. Huyu ni wenu wote wawili. Atakayelia tena namshona mdomo."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kucheza peke yake. Sindano akimchukua, Pasi alisema kiwiliwili chake kibaki. Pasi akimchukua, Sindano alidai kichwa. Ikabidi wakae wote wawili chini ya meza, kila siku, wamshike huyu upande huu na huyu upande ule. Sajini Madamu aliolewa akiwa mguu sawa, akapigana vita akiwa na shela, na hakushindwa hata mara moja.

Sasa alikuwa amelala juu ya vifungo, na waliokuwa wakimgombania walikuwa watu wazima wenye miwani.

"Mchukue," alisema Pasi.

Sindano alihisi damu ikimpanda. Basi hata huyu. Angesema chukua ovaloki, sawa, ovaloki ni chuma. "Nimchukue mzima mzima?" aliuliza. "Haki iko wapi? Kichwa ni changu, kiwiliwili ni chako. Tumegawana vyote, tumgawane na yeye."

Akachukua kisu kidogo cha kufumulia mshono. Akamkalisha Sajini Madamu kwenye kiganja, akaingiza ncha ya kisu chini ya uzi mweusi. Hakutaka kuukata. Alitaka kusikia kama kaka yake atasema sawa na hapo pia, na kama atasema, basi atakuwa ameelewa, ataenda zake mtaa wa nyuma na hatauliza tena.

Mama aliacha kucheka. Aliwatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutoa hukumu.

Pasi alikuwa amesimama na kiganja kimejaa vifungo. Alivirudisha mezani kidogo kidogo. Alijifuta kipara. Aliutazama mlango kama mtu anayeomba mteja aingie. Hakuingia mtu.

"Tufanye," alisema, akaunyooshea uzi kidole. "Tufanye huo uzi haukatiki."

Kisu kikasimama.

Sindano hakuinua uso, maana angeuinua angelia, na alikuwa amejiapiza halii mbele ya mtu aliyemjibu sawa wiki nzima. Lakini sheria ni sheria. Kukataa hakuruhusiwi.

"Tufanye haukatiki," alisema polepole, "ila unavutika."

"Unavutika mpaka wapi?"

"Mpaka mtaa wa nyuma."

Pasi akafikiri. "Tufanye ukifika huko unafungwa dirishani. Nami nikiwa na gauni lililonishinda huku, nauvuta, unakuja."

"Gauni gani litakuwa huku? Magauni yote naondoka nayo."

"Hiyo siyo tufanye," alisema Pasi. "Hiyo ni kukataa."

"Ni kweli, mwanangu," mama akadakia. "Umekataa. Rudia."

Sindano akacheka, na machozi yakapata njia yakatoka pamoja na kicheko, bila kuomba ruhusa. "Haya. Tufanye na mimi nikiwa na bwana harusi ambaye suti imembana, nauvuta, wewe unakuja. Na unakuja mbio, kaka. Tufanye hukai unamalizia pindo kwanza."

"Pindo haliachwi katikati."

"Tufanye linaachwa."

Pasi alilitafakari hilo kwa uchungu wa kweli. Kwa mtu kama yeye halikuwa jambo dogo. "Sawa," alisema mwishowe.

Neno lilikuwa lile lile alilokuwa akimpa siku zote hizo, lakini safari hii alilisema akimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu. Sindano akalipokea.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza.

"Ningesema nini? Ungesikia sitaki uende, ungebaki. Ungebaki unanuna huku chaki inakuangukia." Akavuta pumzi. Yalikuwa maneno mengi kwake. "Nataka uende. Nilikuwa sijui namna ya kusema nataka uende na sitaki uende kwa wakati mmoja."

"Huyo naye," alisema mama, "kipara chote hicho na bado hajui kuongea."

Kisha akanyoosha mkono, akamchukua Sajini Madamu kiganjani mwa binti yake, akalikagua fundo aliloliuma kwa meno yake mwenyewe, akaridhika nalo, akamtia mkobani na kufunga zipu.

"Mama," walisema wote wawili.

"Anakaa kwangu. Anayetaka kumwona aje, na asije peke yake. Akija peke yake nampa chai namrudisha. Haya, hiyo ovaloki itajipeleka?"

Ovaloki ilikuwa ya chuma cha zamani, na meza yake ya mbao nzito, chombo ambacho wapagazi wa mtaa ule walikuwa wakikiona wanakumbuka wana shughuli kwingine. Pasi aliinama, akashika upande mmoja, akautikisa, akautazama kwa chuki.

"Tufanye ni nyepesi," alisema.

Sindano akashika upande wa pili.