Kandambili za Fundi Zapimwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fundi wa kushona nguo alivua kandambili zake za bluu akazipanga kwenye korido ya chumba cha altrasaundi, nyuma ya beseni lililopasuka ukingo na mbele ya kiatu kimoja cha mwanamume. Ndivyo foleni ilivyopangwa pale. Benchi lilikuwa moja la watu wanne, wagonjwa walikuwa mia na ushee, na mashine ilipima watu watano tu kwa siku, kisha ikapata moto na kuzimwa ipumzike. Kwa hiyo kila mtu aliacha kitu chake kimshikie nafasi, akaenda kuugulia kwingine.

Fundi alikuwa na uvimbe chini ya mbavu za kushoto. Kila Jumatatu aliupima kwa utepe wake wa kazi. Ulianza sawa na kifungo cha shati, ukawa kifungo cha koti, na sasa ulikuwa umevipita vifungo vyote vya dukani kwake. Daktari wa upasuaji alifika hospitalini hapo mara moja kila miezi mitatu, na safari hii angekuja Ijumaa ya wiki ya pili. Asiye na karatasi ya altrasaundi alikuwa hamgusi.

Siku ya nne, fundi alikwenda kusogeza kandambili zake akakuta zimeshasogea.

"Zilijisogeza zenyewe jana mchana," mlinzi alimwambia huku akichokonoa meno. "Zina adabu. Hazikumruka mtu."

"Afadhali," fundi alisema, kwa kuwa kuinama kulikuwa kumeanza kumshinda.

Toka hapo zikawa zinakwenda zenyewe, hatua moja kila mlango ulipofunguliwa. Watu wa foleni walizisifu. Beseni halikufanya hivyo, na mwenye beseni alilisimanga mbele za watu.

Alhamisi, siku moja kabla ya daktari kufika, karani wa mlangoni aliita namba thelathini na nne, namba ya fundi. Fundi aliinuka kwenye benchi polepole, mkono ubavuni. Kandambili hazikuwa na maumivu. Ziliingia, na mlango ukafungwa.

"Mimi ndiye mgonjwa," fundi alimwambia karani.

"Thelathini na nne yuko ndani, mama."

"Zile ni ndara zangu!"

"Nimeshatia alama. Nikifuta itaonekana nimekosea. Unataka nihamishwe kwa ajili ya ndara zako?"

Mdogo wake fundi, aliyekuwa amemsindikiza, alishindwa kuvumilia. "Wewe kaka, una macho kweli? Kandambili zinaumwa nini?"

"Ndiyo maana zinapimwa, dada," karani alisema.

Namba thelathini na nne alikuwa wa tano siku ile. Kandambili zilipotoka, zikiwa bado na mafuta ya kipimo, mashine ilizimwa. Karatasi iliandikwa kwa mwandiko mzuri: ya kulia, kawaida, ya kushoto, uvimbe wa matope, sentimita mbili, chini ya kisigino, upasuaji wa haraka.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mpole, mwenye mikono misafi. Ijumaa aliukagua ubavu wa fundi kwa vidole viwili.

"Huu ni mkubwa, mama," alisema. "Umechelewa sana kuja." Kisha akaomba karatasi, akaisoma mara mbili. "Hapa wameandika kisigino."

"Daktari, si umeushika sasa hivi?"

"Nimeushika. Lakini kidole hakina mhuri, mama yangu."

Kandambili ya kushoto ilipasuliwa kwa dakika arobaini. Yalitolewa matope na kijiwe, na kidonda kikashonwa nyuzi tatu zilizokwenda upande. Fundi aliona mshono ulivyopinda, lakini hakuombwa ushauri. Kandambili ililazwa kitanda namba sita, chenye shuka, na kwa vile kila mgonjwa alitakiwa awe na mtu wa kumuuguza, fundi alikaa siku tatu sakafuni kando ya kitanda. Aliyelazwa namba saba alimwambia mgonjwa wake anaendelea vizuri.

Jumatatu waliruhusiwa. Karani aliandika kwenye kadi ya fundi kwamba amepona.

"Naomba unirudishe kwenye foleni," fundi alisema. "Uvimbe ninao bado."

"Wako umeshatolewa, mama. Imeandikwa." Karani aliutazama ule ubavu uliokuwa unasukuma kanga. "Huo ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Kwa kadi ipi? Ya aliyepona haifunguliwi mpaka mwaka ugeuke. Mwite anayefuata, tafadhali."

Daktari wa upasuaji alikuwa ameshaondoka na gari la saa mbili. Alikuwa ameacha maagizo kwamba kandambili ya kushoto isikanyagwe kwa wiki sita, basi fundi alishika njia ya nyumbani miguu mitupu, ameikumbatia. Ya kulia, iliyokuwa nzima, iliwafuata nyuma.

"Ibebe vizuri, dada," mdogo wake alisema. "Usiiminye kidonda."

Fundi alisimama kando ya barabara apate pumzi. Kisha akaihamishia mkono wa kulia, kwa kuwa upande wa kushoto hapakuwa na nafasi tena.