Kifungo cha Jua

Neno samahani halikuwa na makazi kinywani mwa mshonaji; lilimtoka lenyewe, kama chafya. Mvua ikinyesha juu ya nguo za jirani, yeye ndiye aliyeomba samahani. Mteja akichelewa kuja kuchukua suruali yake, yeye ndiye aliyeomba samahani. Siku moja aligonga kabati la mama mkwe wake kwa goti, akaliambia kabati samahani kabla hajalishika goti. Kwa hiyo Jumatatu, picha ilipokatika katikati ya tamthilia ya mchana, na wifi yake akauliza kwa sauti kutoka sebuleni, "Nani huyo anatikisa dishi?", mshonaji aliitoa miguu kwenye kanyagio la cherehani akajibu, "Samahani, wifi."

Hilo ndilo lililomponza.

Dishi lenyewe lilikuwa la zamani, yale ya wavu, pana kama paa la banda la kuku, limekaa juu ya nguzo ya chuma katikati ya ua. Marehemu baba mkwe ndiye aliyelisimamisha, enzi zile mtaa mzima ulipokuwa unakuja kukaa sakafuni kwao kutazama mpira. Lilitazama juu karibu wima, kama sahani inayosubiri kupakuliwa, na mchana kivuli chake kilianguka chini, mviringo na chepesi, mwanga umechujwachujwa kwenye yale matundu. Mshonaji alikihamia kivuli hicho tangu mwaka alioolewa. Chumba chao kilikuwa na dirisha moja, na giza la kutosha kumfanya mtu ashone mkono wa gauni kwenye shingo. Uani hapakuwa na mti. Palikuwa na dishi, na chini yake cherehani ya kukanyaga, mkeka wa kukatia vitambaa, na kopo la vifungo. Wateja wake walimwita Mama Dishi, na hakuona kama ni tusi.

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa anafua mashuka ya hospitali zamu ya usiku. Mchana aliweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, akashika rimoti, na hapo hakuguswa na mtu. Kwa miezi mingi alikuwa anataka waachane na ule mtambo wa kale: wanunue king'amuzi kipya, dishi dogo la kufunga ukutani, na kifurushi kikubwa chenye chaneli mpaka mtu asahau alianzia wapi. Fundi wa madishi alikuwa tayari kulichukua lile la zamani kama chuma chakavu na kupunguza bei. Nguzo ingekatwa, ua ungebaki wazi kama kiganja. Mama mkwe alikuwa anayajibu maneno hayo yote kwa kukohoa.

Sasa wifi alikuwa na ushahidi.

"Si amekiri mwenyewe?" alimwambia mama yake. "Cherehani inatetemesha nguzo, nguzo inatetemesha dishi, picha inakufa. Ama aihamishie chumbani, ama tubadilishe mtambo. Na chumbani mwenyewe anasema haoni."

Jumanne picha ikakatika tena, mchana uleule, palepale malkia wa tamthilia alipokuwa anamtambua mwanawe aliyepotea. Wifi akampigia mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, akaweka simu sauti ya juu ili wote wasikie.

"Nyinyi ndio mnaoitazama hiyo televisheni," mume wa mshonaji alisema, injini ikinguruma nyuma yake. "Mimi huku natazama barabara. Amueni."

"Basi fundi aje keshokutwa," mama mkwe alisema, na safari hii hakukohoa. "Aangalie, atuambie, tuamue akiwa hapahapa."

Mshonaji hakulala vizuri. Ni kweli cherehani yake ilikuwa na kelele, lakini ilikuwa na kelele asubuhi na jioni pia, na picha haikufa. Jumatano, mchana ulipokaribia, aliamua kutoikanyaga kabisa. Alitandika kitambaa cheupe cha mapazia ya mteja juu ya mkeka, akapiga magoti na chaki mkononi, akaanza kupima.

Ndipo alipoona kitu alichokuwa amekikalia miaka yote hiyo bila kukiona.

Juu ya kitambaa cheupe kivuli cha dishi kilikuwa kimelala kizima, mviringo uliokamilika. Katikati yake palikuwa na doa jeusi, kivuli cha kile kitako cha chuma kilicholishika dishi kwenye nguzo. Na kulikuwa na doa la pili, dogo zaidi, la kile kichwa kilichosimama mbele ya dishi juu ya miguu yake mitatu, kinachopokea picha. Doa dogo lilikuwa linatembea. Lilitembea polepole mno, kama mdudu aliyeshiba, likielekea kwenye doa kubwa moja kwa moja. Mshonaji alisahau kupima. Doa dogo likagusa ukingo wa doa kubwa. Likaanza kuzama. Likazama nusu, likazama lote, kama kifungo kinavyoingia kwenye tundu lake.

"Imekwenda tena!" wifi alipiga kelele ndani. "Hivi hiyo cherehani huiachi?"

Cherehani ilikuwa kimya. Miguu ya mshonaji ilikuwa mitupu juu ya mkeka.

Alibaki amepiga magoti mpaka doa dogo lilipoanza kujitokeza upande wa pili, na humo ndani sauti ya malkia ikarudi, ikiendelea kulia. Mshonaji aliinua uso kutazama juu. Jua lilikuwa nyuma ya kile kichwa barabara, likamchoma macho yakajaa machozi. Hakuelewa alichokiona. Alielewa tu kwamba kitu kikubwa sana kilikuwa kimepita juu ya mapazia ya mteja, kimepita kwa adabu, bila kugusa chochote, na kwamba kilikuwa kimepita jana pia, na juzi, wakati yeye akiomba samahani.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Alhamisi fundi wa madishi alifika na pikipiki, dishi jipya limefungwa nyuma yake, dogo kama sinia. Alikuwa mtu mzima, mchangamfu, mwenye kalamu sikioni. Alikaribishwa maji sebuleni, na wifi akamsimulia kesi yote toka Jumatatu, mshitakiwa akiwa amesimama mlangoni.

"Mimi mwenzenu sisafiri," wifi alimalizia, na sauti yake ikashuka kidogo. "Nikitoka kufua mashuka ya wagonjwa, safari yangu ni hii hapa. Nataka nione theluji. Nataka nione wale samaki wa chini kabisa, wenye taa usoni. Hicho kifurushi cha sasa kinanionyesha watu wakigombana, na ugomvi ninao wa nyumbani."

Mama mkwe alicheka puani. Mshonaji naye alitaka kucheka, lakini alikuwa na jicho moja uani, kwenye kitambaa cheupe alichokiacha kimetandikwa.

"Bado kidogo," alisema.

"Bado kidogo nini?" wifi aliuliza.

"Picha itakatika. Bado kidogo. Twendeni nje."

"Mimi siendi juani," wifi alisema. "Malkia anakaribia kusema."

Mshonaji hakujua mkono wake umepata wapi ujasiri. Ulimshika wifi yake, mwanamke mkubwa, dada wa mume, ukamwinua kwenye kiti, miguu ikachopoka kwenye beseni na kumwaga maji sakafuni, ukamvuta mpaka uani mbele ya mgeni. Mama mkwe alifuata na fimbo yake. Fundi alifuata na gilasi yake.

"Umerukwa na akili?" wifi aliuliza.

"Tazama hapo. Hapo, kwenye kitambaa. Usikikanyage."

Walitazama. Doa dogo lilikuwa limebakiza upana wa kidole. Kupitia mlango uliokuwa wazi walimsikia malkia akianza kusema, mwanangu, siku ile niliyokuacha. Doa dogo likaingia ndani ya doa kubwa. Likafungwa. Na malkia akakatika, ikabaki sauti ya mchanga unaomwagwa.

Jogoo wa jirani aliwika, akanyamaza, kana kwamba amekatazwa.

Fundi aliiweka gilasi chini taratibu. "Haya mambo niliambiwa nilipokuwa najifunza kazi," alisema. "Siku chache kwa mwaka, jua likipita utosini, linasimama nyuma ya setilaiti. Setilaiti, jua na dishi vinakaa mstari mmoja. Dishi linasikiliza setilaiti, lakini jua linapiga kelele kuliko setilaiti, basi halisikii kitu. Wateja wakinipigia simu huwa nawaambia subirini kidogo, itarudi." Alikuna kichwa. "Kuona kwa macho, sijawahi. Sikujua kama inaonekana."

"Kama uzi," mshonaji alisema. "Umepita kwenye matundu yote kwa mpigo mmoja."

"Hiyo setilaiti iko wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Huko juu, mama. Mbali kuliko ndege zote. Imekaa palepale, haisogei. Au niseme inazunguka pamoja na sisi, kwa hiyo tunaiona haisogei."

"Tunaiona?"

"Hapana, hakuna anayeiona."

Mama mkwe aliegemea fimbo yake akatazama lile dishi kuukuu, kutu na viota vya nyigu na vyote. "Nilimshikia ngazi," alisema. "Siku tatu anasukuma hiki chuma kidogo huku, kidogo kule, ananiuliza kimeingia? Namwambia bado. Nikidhani anatafuta picha. Kumbe mume wangu alikuwa anatafuta kitu kimoja mbinguni kote, kitu asichokiona." Akaigonga nguzo kwa fimbo. "Na akakipata."

Wifi alikuwa ameinama. Miguu yake ilikuwa bado inachuruzika maji. Aliupeleka mkono juu ya kitambaa, ndani ya kivuli, na mwanga wa matundu ukamrukia mgongoni mwa kiganja, nukta maelfu. Aliugeuza mkono upande huu, upande ule, kama mtoto aliyevishwa pete.

"Na hilo dishi lako dogo," alimuuliza fundi bila kuinuka, "nalo lingekatika?"

"Saa hiihii. Jua ni lilelile, dada."

Doa dogo lilijitokeza. Malkia akarudi, lakini alikuwa ameshamaliza kusema.

"Nguzo haikatwi," mama mkwe alisema. "Fundi, hicho king'amuzi kipya kinaweza kukaa na dishi hili?"

Fundi alilizunguka, akaligonga kwa ukucha, akatikisa miguu ile mitatu. Alisema atabadilisha kichwa tu, hilo lingine ni zima kuliko madishi mengi aliyoyafunga mwaka huu. Kifurushi wangechagua wenyewe.

"Kile kikubwa," wifi alisema. "Chenye theluji." Kisha akajinyoosha, akajipangusa mikono, na akakumbuka kwamba yeye ni mkubwa katika nyumba ile. "Lakini kabla fundi hajagusa kitu, huyu aniombe radhi. Amenivuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani, mbele ya mgeni, na miguu yangu hii. Asipoomba, hilo dishi na liondoke leoleo."

Mama mkwe alimgeukia mkaza mwana wake. Hakuwa na wasiwasi. Aliujua mdomo ule. "Mwombe radhi wifi yako, mwanangu, mambo yaishe."

Neno lilikuja. Mshonaji alilisikia likipanda kooni, jepesi, limezoea njia. Alikitazama kitambaa cheupe, doa dogo likienda zake upande wa pili bila haraka, halina deni na mtu. Akalimeza.

"Siombi," alisema.

"Unasemaje?"

"Jumatatu niliomba radhi kwa kosa la jua. Leo nimekuvuta, ni kweli, na kama ningekuacha ndani usingeliona. Kesho likipita nitakuvuta tena." Alikaa kwenye stuli yake, akaweka miguu kwenye kanyagio la cherehani. "Siombi radhi, wifi."