Mpangaji wa Ghorofani

Kiangazi cha nchi za watu kina wazimu wake. Miezi minane watu wanajifungia ndani, mkikutana mlangoni mnaitikiana kwa kidevu, halafu jua likiwaka wiki mbili mfululizo kila mtu anakuwa ndugu yako. Jumapili ndiyo usiseme. Waliotoka kwetu walikuwa wanakutana kwenye bustani ya manispaa, karibu na bembea za watoto, na kuku wao wa kuchoma na spika yao inayokoroma, na hapo ndipo uongo ulipopikwa na kupakuliwa. Huyu yuko benki. Yule yuko hospitali, na akishasema hospitali anaachia hapo hapo, koti jeupe umvalishe mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali la pili, maana ukiuliza nawe utaulizwa.

Mwenye kisa hiki walimwita Mama Bustani, na jina hilo alijitakia. Kazi yake ilikuwa kumtunza bikizee mmoja nyumbani kwake: kumwogesha, kumpa vidonge, kumpandisha na kumshusha ngazi. Yeye mwenyewe alilala kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko. Siku moja, bikizee kalala, akanyoosha miguu kwenye kiti cha bustanini, akapiga picha ya kucha zake zilizopakwa rangi na maua kwa nyuma, akairusha kwenye grupu la simu. Mtu akauliza, "Hapo ni kwako?" Akajibu kwa kamchoro ka moyo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kufika jioni alikuwa na nyumba.

Picha ya pili ikamponza. Mwenye macho makali akaona kichwa cheupe dirishani, akauliza huyo nani. Hapo sasa akasema kwa kinywa chake, mbele ya kuku na watu: "Mpangaji wangu. Nimempa chumba cha juu, namwonea huruma tu." Huruma, jamani! Habari ikavuka mipaka ikamfikia mama yake nyumbani, naye akapiga simu analia kwa furaha, majirani wamejaa sebuleni wanataka kuiona nyumba ya mtoto wa mwenzao. Akawatembeza kwa simu chumba hadi chumba, bikizee akiwa bafuni.

Sasa kundini kulikuwa na mwanamke mmoja wakimwita Mikoba, kwa sababu ya mikoba yake mikubwa ya ngozi. Huyo ndiye aliyekuwa benki. Mikoba hakuwa mtu wa kukubali kuzungushwa. "Kila Jumapili tunakaa chini kwenye majani kama mbuzi," alisema, "na mwenzetu ana bustani yenye viti. Unatunyima nini, Mama Bustani? Tutakula maua?" Wote wakacheka, wakapanga siku hapo hapo. Mtoto wa bikizee alikuwa amesafiri na familia yake mwezi mzima, kwa hiyo hakukuwa na wa kumfumania, na kisingizio nacho kikakosekana. Akapiga hesabu zake: bikizee akishakula mchana hulala mpaka saa kumi na moja. Wageni waje saa nane, saa kumi na nusu awafukuze kwa adabu.

Walikuja kumi na mmoja, wamependeza, na keki. Mama Bustani alivaa gauni la njano, akawa anaingia na kutoka na vinywaji kama mwenye mali. Na tuseme kweli, ile saa moja ya kwanza aliifaidi. Watu walisifia mapazia, wakasifia kapeti, Mikoba akagonga ukuta kwa kidole akasema hii ndiyo nyumba. Mwaka wa nne alikuwa akiishi humo kwa unyayo wa paka, na leo alikuwa anacheka kwa sauti.

Saa tisa na robo mlango wa bustanini ukafunguka, akatoka bikizee.

Kumbe kicheko kilikuwa kimemwamsha, na nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu alipozikwa mumewe. Alikuwa ameshuka peke yake aking'ang'ania kishikio cha ngazi, kavaa kofia ya majani, kapaka rangi ya mdomo ikamkosa kidogo upande mmoja. Alikuwa anatabasamu. Akakaa kwenye kiti chake, kile chenye mto, akawapungia watu wote mkono.

Mikoba akamsogelea, akamwambia kwa lugha ya mji ule, "Mama, una bahati. Si kila mpangaji anapata mwenye nyumba mwema kama huyu wako."

Bikizee akageuza shingo polepole akamtazama Mama Bustani. Mama Bustani akatazama glasi yake. Aliona sisimizi akipanda kwenye mguu wa meza, akamfuata kwa macho mpaka mwisho.

"Mwema sana," bikizee akasema. "Kodi hajanipandishia hata siku moja."

Watu wakaangua kicheko, wakampenda papo hapo. Mama Bustani naye akacheka. Ndani alikuwa anaungua kwa aibu, lakini aibu ile ilikuja imeshikana mkono na nafuu, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi. Alijisemea, nitamwomba radhi jioni, nitamkanda miguu, nitamwelewesha.

Ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini akaingia Daktari, yule wa hospitali, kachelewa na mkewe mja mzito, na viti vimekwisha. Mikoba akaangaza huku na huku. Kwetu mzee hainuliwi kitini, hilo kila aliyekuwepo alilijua tangu hajajua kusoma. Lakini kwa siku ile bikizee alikuwa mpangaji, na mpangaji akishakuwa mpangaji hata mvi zake zinapungua. "Mama," Mikoba akasema kwa sauti ya asali, "si una chumba chako huko juu? Hutaki kupumzika, wageni wa mwenye nyumba wakae?"

Bikizee alimtazama tena Mama Bustani, akasubiri.

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu. Na neno lilikuja, ila silo.

"Pumzika tu, Bibi," akasema. "Jua lenyewe kali."

Bikizee akavua kofia, akainuka kwa kushika meza, akaingia ndani. Sasa, kwenye kazi ya kutunza wazee kuna jambo moja unafundishwa siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa choo: ngazi, usimwache peke yake. Bikizee yule kushuka aliweza kwa kung'ang'ania, kupanda hakuweza kabisa. Mama Bustani alikuwa akimpandisha kila siku ya Mungu, mkono mmoja kwapani, mwingine kiunoni, wakihesabu pamoja. Angemfuata sasa hivi, kila mtu angeona mkono unaenda wapi, angejua kazi yake. Kwa hiyo alikaa. Alisikia hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu hakusikia kitu. Ameshafika, akajidanganya, akakata keki.

Ilipita karibu nusu saa. Daktari akaingia ndani kutafuta choo, na sauti yake ikawafikia hadi bustanini: "Njooni huku!"

Bikizee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nne, ameshika nguzo kwa mikono miwili, kofia mapajani. Hakuwa ameanguka. Sketi ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yameshuka ngazi mbili chini yake.

Hapo sasa ungeona maajabu. Daktari hakuuliza kitu, alipanda akakaa ngazi ya nyuma yake, akapitisha mikono kwapani, akamwambia taratibu, "Hatuna haraka, mama, tukifika tatu." Mikoba alivua bangili zote akazitupa kapetini, akapiga magoti, akaanza kumvua viatu kwa kuanzia kisigino. Mwingine akaja na taulo akiwa ameshalikunja vile linavyokunjwa. Hakuna mkono uliokosea. Benki gani inafundisha hayo? Walitazamana mara moja, kisha kila mtu akaangalia kazi yake. Mama Bustani peke yake alikuwa amesimama chini na kisu cha keki mkononi.

"Nguo za kubadilisha?" Mikoba akauliza bila kugeuka.

"Droo ya pili, kushoto," akajibu. "Za pamba. Zile nyingine zinamkwaruza."

Mikoba akageuka akamtazama mara moja, akaendelea.

Bikizee akainua uso. Rangi ya mdomo ilikuwa imesambaa. Akamtafuta Mama Bustani kwa macho katikati ya watu wote wale, akasema kwa sauti ya mtu aliyechelewesha kodi, "Samahani, mwenye nyumba. Nimekuchafulia ngazi zako."

Mama Bustani alitamani ardhi ipasuke, na ardhi haikumsikiliza. Akaweka kisu chini, akapanda, akapiga magoti na gauni lake la njano kwenye ngazi iliyolowa.

"Nyumba ni yake," akawaambia wenzake, kisha akarudia kwa lugha ya mji ule ili na mwenyewe asikie. "Nyumba ni yako, Bibi. Mimi ndiye wa kukupandisha. Leo sikukupandisha. Kwa nini hukuniita? Ungeniita tu!"

Bikizee akampapasa shavu kwa kiganja baridi.

"Nilikuwa nakusubiri," akasema. "Sikutaka kukuita mbele ya wageni wako."