Nta ya Mzee Nzomo

Mzee Nzomo wa Voi alikuwa na uongo wa aina mbili: wa kutembea nao mjini, na wa kula nyumbani. Ule wa sufuria ulikuwa wa nyumbani, ila ulipononeshwa sana ukaruka ua. Kwamba ujanani, kabla hajaandikwa kazi ya reli, alibeba mizigo ya wazungu mpaka kilele cha Kilimanjaro. Kwamba huko juu aliona uvivu wa kushuka kwa miguu kama mbuzi, akapaka nta ya nyuki chini ya sufuria, akaikalia, akajisukuma. Alifika Taveta, alisema, robo saa kabla ya kivuli chake. Akakaa juu ya jiwe kukingoja.

Ukweli ni kwamba mlima huo aliuona kwa mbali tu, asubuhi zisizo na mawingu, akiwa amesimama relini na nyundo mkononi. Theluji hajawahi kuigusa. Barafu aliyoijua ni ya friji ya Rita pale hotelini kwake, na hata hiyo ilimuuma meno.

Miaka thelathini uongo huo haukumdhuru hata kuku. Kisha mwalimu Dinah akaleta Voi skii za magurudumu, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kuteleza, na kila alfajiri watoto sita wakawa wanajisukuma kwa fimbo mbili kando ya lami ya kwenda Taveta, madereva wa malori wakiwapigia honi. Koki, mjukuu wa Nzomo, mwenye miaka kumi na sita, aliwaacha wenzake wote. Barua ikaja: mashindano ya kimataifa ya vijana, Finland, kilomita saba na nusu juu ya theluji yenyewe.

Siku ya safari, nje ya stesheni ya SGR, Koki alimvuta babu yake pembeni.

"Babu, umeniletea?"

"Nikuletee nini?"

"Nta. Ile ya sufuria."

Hapo ndipo angesema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: mjukuu wangu, nilikuwa natania. Lakini Koki alikuwa akimtazama vile alivyomtazama akiwa na miaka mitano, kidevu juu, akingoja sufuria ipite bondeni.

"Iko nyumbani," akasema Nzomo. "Ngoja hapo."

Akapanda bodaboda mbio, akakata kipande cha nta iliyotoka kwenye mizinga aliyoitundika kwa waya kuzunguka shamba ili ndovu wasimlie mahindi, akarudi abiria wa mwisho wakiingia. "Paka kidogo tu," alimwambia, akijipa moyo kwamba kidogo hakiui. "Na mwalimu usimwambie. Wataalamu wana wivu."

Jumamosi ya mashindano, saa tisa alasiri, hoteli ya Rita ilijaa. Danson fundi wa simu alikuwa ameunganisha simu yake na televisheni, akajifanya mtangazaji.

"Wasichana hamsini wanaanza pamoja," akaeleza. "Mizunguko mitatu. Yule wa kwanza akikupita mzunguko mzima, unatolewa. Humalizi, hupewi hata namba ya mkia."

"Nani apitwe?" akauliza Phineas, aliyefanya kazi na Nzomo relini. "Huyo ana nta ya sufuria!"

Watu wakacheka. Kaveke, mkewe Nzomo, hakucheka. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu tangu asubuhi: mtoto amalize. Asishinde, amalize tu, aingie kwenye kitabu chao kwamba alifika.

Mlio ukatoka, wakaondoka kama siafu waliomwagiwa maji. Njia ilikuwa imechongwa mifereji miwili miwili, sambamba kabisa, na Nzomo akafarijika kidogo: hiyo ni reli, na reli anaijua. Koki alikuwa wa arobaini na kitu, akienda vizuri.

Kikaja kilima cha kwanza. Miguu yake ikaanza kuinuka badala ya kusonga, kama mtu aliyekanyaga tope la kufyatulia matofali. Kila skii ilibeba bonge la theluji chini yake, limeshika kama ugali kwenye mwiko.

"Mbona anatembea?" akauliza Rita. "Si ni kuteleza?"

"Anapasha misuli," akasema Danson.

"Kwa kilima chote?"

Kamera ikamwacha, ikafuata wa mbele. Nzomo akainama kuelekea televisheni kana kwamba angeweza kuchungulia pembeni mwa kioo. Iliporudi, Koki alikuwa amesimama. Amevua skii moja, ameigeuza juu chini, anaikwangua kwa ncha ya fimbo. Kipande kikadondoka juu ya weupe. Watu waliona uchafu. Nzomo aliona manjano.

Miaka ishirini na saba alisimamisha treni za mabehewa arobaini kwa kitambaa chekundu tu. Anainua mkono, chuma chote kile kinatii. Sasa mkono huohuo ulikuwa juu ya goti lake, na wasichana wa watu walikuwa wanampita mjukuu wake mmoja mmoja, na hapakuwa na kitambaa cha kuwainulia.

Koki akavaa tena, akasukuma. Akamaliza mzunguko wa kwanza, wa mwisho peke yake. Wa pili akautafuna kilima kwa kilima, akisimama kukwangua, akiondoka, akisimama.

"Wa kwanza yuko wapi?" akauliza Kaveke.

Danson akaonyesha kwa kidole. Kofia ya buluu, nyuma ya Koki, inakuja kama maji mferejini, ikimalizia mzunguko wa tatu. Koki akivuka mstari kwanza, hapitwi tena.

"Sukuma!" wakapiga kelele, hata wateja waliokuja kwa chapati. "Koki, sukuma, mama! Mstari ule!"

Nzomo hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu hatua, kama alivyohesabu mataruma ya reli maisha yake yote. Sitini. Zikiwa zimebaki sitini, kofia ya buluu ikampita. Mwanamume mwenye koti la manjano akaingia njiani na bendera nyekundu. Koki akasimama. Akashika magoti, kisha akavua namba yake kifuani, akampa yule mwanamume.

Rita akapunguza sauti ya televisheni.

Nusu saa baadaye simu ya Danson ikalia, naye akaiweka spika.

"Babu yuko?"

"Tuko wote!"

"Poleni," ikasema sauti ya Koki. "Nilisahau kupaka nta ya Babu. Ilibaki kwa begi."

Phineas akapiga meza. "Si unaona? Asiyesikia la mkuu!"

"Watoto wa siku hizi," akasema Rita. "Unapewa dawa, unaiacha kwa begi."

Hata Kaveke akainamia simu. "Koki, babu yako alikimbia na boda kwa ajili yako."

"Najua, Nyanya. Ni makosa yangu."

Nzomo akasimama. "Aliipaka. Nimeiona kwa macho yangu. Nta ndiyo imemfunga miguu. Mimi sijapanda mlima wowote, jamani. Hakukuwa na sufuria."

Phineas akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. "Nzomo! Hata siku ya leo?"

"Anamkinga mtoto," akasema Rita, akijifuta macho kwa leso. "Mzee ana roho huyu."

Nzomo akachukua simu, akaizima spika, akatoka nayo mlango wa nyuma.

"Koki, nimeiona."

Upepo ulisikika upande ule. "Niliwasimulia wasichana wote wa huku, Babu," akasema polepole. "Habari ya sufuria, na kivuli. Sasa ningeachaje kuipaka?" Kisha mwalimu Dinah akamwita, simu ikakatika.

Jumatatu asubuhi Margaret akabisha. Bintiye Shanice, mmoja wa wale watoto sita wa skii, ndiye anayefuata kwenda mashindanoni, mwaka ujao. Alikuwa na mkungu wa ndizi kutoka Mboghoni kichwani.

"Mzee, nibakishie kipande. Na wangu hatasahau. Ataipaka nikimwangalia."

"Mama Shanice, nta hiyo ni mbaya. Inashika theluji. Naapa."

"Usiape, mzee." Margaret akautua mkungu kizingitini, akitabasamu. "Najua ni siri ya familia. Ndiyo maana sikuja mikono mitupu. Kesho nitaleta mkubwa kuliko huu."

Akaenda zake. Nzomo akabaki mlangoni na ndizi za watu, nyuki wakivuma kwenye waya.

"Wewe nawe," akasema Kaveke kutoka jikoni. "Mkatie tu kidogo."