Chaki ya Marehemu Ngazi

Pale kwenye uwanja wa mpira wa kikapu kila mchezaji alikuwa na rangi yake ya chaki. Unajipaka kiganjani, unaruka, unapiga ubao wa goli. Alama inabaki, watu waone umefika wapi na wapate la kusema. Nyeupe ilikuwa ya marehemu Ngazi, aliyekuwa mrefu kuliko wote, na tangu azikwe hakuna aliyethubutu kuigusa.

Binti mmoja fundi cherehani, mfupi hadi wakamwita Pini, alitumia bluu. Alama zake zote zilijazana chini ya pete.

Jioni hiyo kocha alibakiwa na nafasi moja ya timu. "Pini, danki mara moja tu. Uruke, upachike mpira kwenye pete kwa mkono wako mwenyewe, nafasi ni yako."

"Mleteeni stuli!" mchezaji mmoja akacheka.

"Stuli itamsaidia nini? Huyu ni wa kuletewa lifti!"

Pini aliitaka nafasi ile kufa na kupona. Akatia mkono mfukoni: bluu imekwisha. Kilichobaki ni kipande cheupe cha kuchorea suruali za wateja. Kwa hasira ya vile vicheko, akajipaka hichohicho.

Akakimbia, akaruka. Akafika palepale anapoishia siku zote, akajua ameumbuka. Ndipo kitu cha baridi kikamshika kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu anayempokea mgeni, kikamvuta juu. Mpira ukazama wavuni.

Uwanja ukalipuka. "Jumamosi unaanza wewe!" kocha alipiga kelele.

Mchezaji mmoja tu hakushangilia. "Dada, mbona ulichelewa kushuka?"

Nyumbani, shangazi yake aliacha kushona. "We mtoto, nani kakushika hivi?"

Mkononi kulikuwa na alama nyeupe za vidole, virefu mno, vimezunguka mpaka vikapishana. Walisugua kwa sabuni, wakasugua kwa mafuta ya taa. Wapi!

"Usiende Jumamosi," shangazi akasema.

"Shangazi, nafasi hii nimeilia miaka."

Akaenda. Alinunua chaki mpya ya bluu, akajipaka mpaka kwenye kiwiko. Mpira ulipomfikia, hakuona sababu ya kuogopa. Akaruka.

Ule mkono wa vidole virefu ulikuwa umeshatangulia kule juu, kiganja wazi, unamngoja.

Mpira ukaingia. Watu wakashangilia, wakarukaruka, wakakumbatiana. Kisha kelele zikapungua, mmoja baada ya mwingine, wote wakitazama juu, wakisubiri miguu ya Pini iguse chini.